Mwezi Ulioniwahi Jambiani

Kila mwaka Shaabani inapokaribia kwisha, sisi wanawake wa mtaa wetu wa Mji Mkongwe huenda mandari kuvunja jungu. Tunatoka mjini, tunakwenda kukaa pwani ya mbali, tunapika, tunakula shibe ya kuingilia Ramadhani, kisha tunarudi majumbani kungoja mwezi. Wapo wanaokwenda asubuhi wakarudi magharibi. Siye tunalala, siku tatu nzima, na kwa miaka minane sasa mpangaji ni mimi.

Sina daftari. Chuo cha Kurani nilihitimu, lakini skuli niliishia darasa la tatu, na kalamu yangu inakwenda polepole kama mtu anayepita kwenye matope. Majina ndiyo nisiyoyasahau. Wanawake kumi na tisa, kila mmoja namjua jina lake, la baba yake na la babu yake. Najua nani hali pweza kwa sababu anamvimbisha midomo, nani ana sukari, nani ana presha, nani akikaa nyuma ya gari hutapika, na nani na nani wamenuniana tangu harusi ya mwaka juzi kwa hiyo hawalazwi chumba kimoja. Hapa majina yao nimeyaacha makusudi. Wana watoto na wajukuu, na hakuna mtu apendaye kusomwa kuwa hutapika garini.

Kabla yangu mpangaji alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Huyu ndiye ninayemwandika. Sasa yuko Maskati kwa binti yake, na mimi bado nikipika chungu kikubwa huwa naona kama amesimama nyuma yangu anacheka.

Alikuwa na namna yake ya kupanga, na sijaona mtu mwingine aliyeiweza. Asubuhi anasimama katikati ya ua, miguu kaitanua kama nahodha, anasema, "Wewe chumvi. Wewe maji. Wewe moto. Wewe na wewe, nazi. Mimi saa kumi siko." Na saa kumi ikifika kweli hayuko. Utamkuta baharini maji yamemfika kifuani, au kajilaza kivulini anakula embe mbichi kwa pilipili. Mtu akimfuata kumuuliza chumvi iko wapi, anamwambia, "Mtafute mwenye chumvi, mie ni mwenye embe." Mwaka mmoja wali uliungua, sufuria zima. Kila mtu akawa anatafuta wa kumlaumu. Yeye akachukua upawa, akakwangua ukoko, akatia sukari na tui lililobaki, akaanza kula peke yake huku amefumba macho. Baada ya kitambo kidogo tulikuwa tunagombania ukoko kama watoto. Aliyeuunguza wali aliondoka pale akijiona mpishi.

Miguu ilipoanza kumsumbua akanikabidhi mimi. Mimi nilikuwa najua vyote, basi nikavifanya vyote. Chumvi mimi, maji mimi, moto mimi. Si kwamba wenzangu walikuwa wavivu, hata kidogo. Ni kwamba kabla mtu hajanyanyuka mimi nshafika. Mandari zangu zilisifiwa: hakuna aliyelala na njaa, hakuna aliyesahauliwa. Lakini nilikuwa nikirudi mjini, majirani wakaniuliza Nungwi kukoje, au Kizimkazi kukoje, naona naweza kuwasimulia jiko tu.

Lazima niseme pia huyu wifi alinipokea vipi, la sivyo mtu hataelewa. Baba yangu alikuwa fundi seremala, mtu aliyetoka bara. Wao walikuwa watu wa mashamba ya minazi, wenye nasaba ndefu ya Kiarabu na nyumba ya ghorofa tatu. Nilipoolewa wapo waliosema kaka yao kaokota. Siku ya kwanza nimeingizwa ukumbini, wanawake wote wamekaa kwenye masinia, kila sinia limeshajaa watu wake, hakuna anayesogea. Wifi yangu, wakati huo msichana tu, aliinuka, akanishika mkono, akanikalisha kwenye sinia lake, akanitilia mnofu wa kuku mbele yangu, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Kula, wifi. Hawa wamenuna kwa njaa." Tangu siku hiyo nikawa na mtu.

Sasa basi. Mwezi wa Rajabu mwaka huu tulikuwa barazani kwangu baada ya alasiri, mimi namenya thomu, vile vitunguu saumu, yeye amenyoosha miguu kwenye kibao. Akaniambia, "Wifi, binti yangu ananichukua Maskati. Baada ya Idi."

"Kutibiwa magoti, nimesikia."

"Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Wewe nakwambia kweli. Sirudi mie. Huko kuna lifti, huko kuna mtu wa kunishika. Hapa ngazi zetu zinaniua."

Niliendelea kumenya thomu moja ileile mpaka ikaisha mkononi.

"Nina haja moja kabla sijaondoka," akasema. "Nataka tuoge bahari, mimi na wewe. Toka uolewe kwetu sijakuona umerowa."

"Nimeoga mara ngapi, wifi!"

"Chooni."

Tulicheka mpaka jirani akafungua dirisha kuangalia. Nikamwahidi. Nikamwambia, Jambiani, wifi, inshallah, na nikalitia neno hilo kichwani pamoja na mambo mengine yote ya safari.

Kupanga mandari ya vunja jungu kuna mtihani wake, nao ni mwezi. Shaabani inaweza kuwa na siku ishirini na tisa, inaweza kutimia thelathini, na hakuna ajuaye mpaka jioni yenyewe. Mwenye akili hupanga arudi mjini tarehe ishirini na tisa mchana. Mimi nilijitia ujuzi. Rajabu ilikuwa na siku ishirini na tisa, nikasema basi Shaabani hii itatimia, haiwezi miezi miwili ikapunguka mfululizo. Nikapanga tuondoke Alhamisi, mwezi ishirini na saba, turudi Jumapili, mwezi thelathini, baada ya kula biriani la mwisho mchana. Na Jumapili hiyo saa kumi, watu wakiwa wanapumua na biriani limekwisha, ndipo niliiweka ahadi ya wifi.

Mkaza mwanangu, mke wa mtoto wangu wa mwisho, ndiye aliyekuwa ananisaidia kupiga simu. Akaniuliza, "Mama, na mwezi ukiandama Jumamosi?"

"Hauandami. Shaabani hii inatimia."

Akaniangalia, akainamia simu yake. Ana adabu huyu mtoto, ni aibu yangu kuwa nilimchukulia adabu yake kuwa ni kukubali.

Tulifika Jambiani Alhamisi saa nne asubuhi. Nyumba tuliyokodi ni ya mama mmoja wa makamo, mkulima wa mwani, ina vyumba vinne na ua mkubwa wa mchanga, na ukitoka mlango wa nyuma uko pwani. Wenzangu hawakungoja hata vyombo viteremshwe. Wakakimbia na kanga zao mpaka mlango wa nyuma, wakasimama. Hakukuwa na bahari. Mchanga mtupu, majani, vijiti vya mwani mistari kwa mistari, na mbali kabisa, kule miamba ilipo, uzi mweupe wa mawimbi.

"Bahari imekwenda wapi?" mmoja akauliza. Sisi wa mjini tumezoea maji kuwa pale pale, unatoka Forodhani unayakuta ukutani.

Mwenyeji wetu alikuwa amejifunga kanga kiunoni, kamba begani, anakwenda shambani kwake huko huko kwenye mchanga. Akatucheka. "Imekwenda kazini. Itarudi alasiri. Sasa hivi ni bamvua, maji yanakwenda mbali na yanarudi mengi. Mkitaka kuoga sasa, ogeni jasho langu!"

Nilimtazama akienda. Na wenzake wengine walikuwa wameshainama huko, kumi au kumi na tano, wanafunga mwani kwenye kamba kwa vidole vilivyopauka chumvi, wanazungumza kwa sauti za kuitana, jua limewawakia migongoni. Saa sita walirudi, kila mmoja na gunia la mwani kichwani linavuja maji usoni, na bado wanataniana. Wifi yangu aliwapigia makofi kutoka barazani, mmoja mmoja anapopita, kama watu wanavyompigia bibi harusi. Wale wanawake wakaona haya, kisha wakaanza kutembea kwa madaha. Mimi nilikuwa jikoni, niliyasikia makofi tu.

Alasiri maji yakarudi. Wenzangu wakaingia wote. Wifi akaja jikoni. "Wifi, saa kumi hii."

"Nakaanga samaki. Leo tangulieni."

Akaenda, ameegemea fimbo. Ijumaa akaja tena. Nilikuwa namtafutia mmoja dawa yake ya sukari, kumbe alikuwa ameitia kwenye kiatu. Jumamosi akaja mara ya tatu. Nilikuwa nimekaa kwenye kibao, ndoo ya vitunguu mbele yangu, macho yananitoka machozi, nyama ya biriani nshaitia mtindi na tangawizi na thomu kwenye masufuria mawili.

"Kesho, wifi," nikamwambia. "Kesho saa kumi sina kazi. Nimekuwekea wewe tu."

Akakaa karibu yangu, akachukua kitunguu, akakimenya. Alikuwa na mchanga kwenye nyusi na nywele zake nyeupe zimeganda chumvi.

"Unajua kwa nini mimi nilikuwa napata nafasi?" akasema.

"Kwa sababu una bahati."

"Kwa sababu nilikuwa nikikupa wewe kazi. Wewe humpi mtu. Unadhani ukimwambia mtu ashike upawa, atakuona humpendi."

Alikuwa amenisoma kama alivyonisoma siku ile ya sinia.

Jioni ile, baada ya Isha, tulikuwa tumekaa uani kwenye majamvi, tumekula mkate wa kumimina na chai, mkaza mwanangu ameweka simu yake katikati inasema habari. Tukasikia tangazo. Mwezi umeandama. Kesho ni Ramadhani mosi.

Kwanza kila mtu alisema Alhamdulillahi, wakakumbatiana, wakaombana radhi. Hata wale wawili walionuniana walipeana mikono, ingawa mmoja alikuwa anaangalia pembeni. Kisha macho kumi na tisa mara mbili yakanigeukia.

"Bibi," mmoja wa wanawake vijana akasema, "na biriani?"

"Si ulisema Shaabani inatimia?"

"Masufuria mawili ya nyama! Tutafunga nayo tunaitazama?"

"Labda tuinuse."

Wifi yangu alianza kucheka taratibu, mabega yanatikisika, kisha ikabidi ashike nguzo. "Lo! Wifi yangu mie! Miaka minane unawapangia watu, leo umeupangia na mwezi!"

Hapo ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Mwenyeji wetu alikuja mbio kutoka nyumba ya pili akidhani kuna msiba. Na mimi, niliyekuwa nimeshaanza kuona aibu inanipanda shingoni, nikajikuta nacheka pamoja nao. Ndivyo alivyo. Angeweza mtu kunilaumu, na angekuwa na haki. Yeye alilifanya kosa langu likawa hadithi ya kwanza ya Ramadhani.

Biriani tuliamua kulifanya daku. Sitaki kueleza sana, ila nilivyokaa duniani sijaona daku la namna ile, wanawake wanakula biriani kwa macho ya usingizi, mmoja anasema, "Hili jungu limevunjika vipande vipande." Lililobaki likatiwa kwenye mabakuli, kila mtu achukue la kufuturia kwake.

Kwa sababu kila mtu alitaka kwenda kwake, na mapema. Futari ya kwanza mtu huila nyumbani, na watu wake. Mume anangoja uji, watoto wanangoja tambi, jirani anangoja sahani. Dereva alikuwa amelala kwa shemeji zake Paje. Tukampigia simu aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Safari ikawa imekwisha kabla ya siku yake.

Niliipitia yote kichwani nilipokuwa nakosha mikono. Watu wote wameshiba. Hakuna aliyeumwa. Waliogombana wamepeana mikono. Kitu kimoja tu hakikutimia, nacho ndicho kimoja nilichoombwa. Na wifi hakusema neno. Hata kwa utani hakukitaja. Hilo liliniuma kuliko angenilaumu.

Tulipokwisha kusali alfajiri nilitoka mlango wa nyuma. Kulikuwa kunapambazuka. Maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na ukuta, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la buluu. Mwenyeji wetu alikuwa amesimama pale anayaangalia, kama mtu anavyomwangalia mfanyakazi mwenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya yatakuwepo mpaka saa ngapi?"

"Yameshaanza kutoka. Sasa hivi kifuani. Likishapanda jua, magotini. Baada ya hapo ni shamba langu."

Nikarudi ndani upesi. Ukumbi ulikuwa umejaa mabegi, ndoo, masufuria na watu wanaoulizana. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa baibui lake la safari, viatu mguuni, tasbihi mkononi.

"Wifi," nikamwambia, "vua baibui."

"Nini?"

"Vua. Tunakwenda kuoga."

"Tumefunga, wewe!"

"Kuoga hakukatazwi. Hatuzamishi vichwa, hatufungui midomo."

Akanitazama kutoka kichwa mpaka miguu. "Na vyombo?"

"Vina wenyewe."

Nikamwita mkaza mwanangu. Nikaanza kumweleza: fulani akae mbele karibu na dirisha, fulani begi lake ni lile lenye kamba nyekundu, fulani na fulani wasikae kiti kimoja ingawa wamepeana mikono, na mwenye sukari dawa yake...

"Imo kwenye pochi yake, si kwenye kiatu," akamalizia yeye. "Mama, nshajua. Na yule wa presha akae kivulini, na yule asiyekula pweza bakuli lake ni hili, nimelifunga utepe. Miaka mitatu nakuangalia. Nenda."

Nilisimama. Nilidhani vitu hivi viko kichwani mwangu tu, kumbe vilikuwa vimeshahamia kwa mtu mwingine, kimya kimya, na amevikunja vizuri kuliko mimi. Nikachukua upawa, nikampa.

Wifi alikuwa ameshajifunga kanga mbili. Tulitoka mlango wa nyuma, yeye fimbo mkono mmoja, mimi mkono wa pili. Mchanga ulikuwa baridi. Maji ya kwanza yalinifika vifundoni nikataka kurudi, akanibana kiwiko. "Hee! Umeanza wewe, unamaliza wewe." Fimbo tuliichomeka mchangani. Tukaenda hatua kwa hatua, tunapapasa kwa nyayo tusikanyage kamba za mwani, mpaka maji yakatufika kiunoni, kisha kifuani, na kanga zikafutuka kutuzunguka kama maua.

Sijui niseme vipi. Nina miaka sabini na kitu, nimezaliwa kisiwani, na nilikuwa nashangaa kuwa bahari ina uzito. Inakusukuma halafu inakushika. Wifi aliniachia mkono. Nikaogopa ataanguka, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Niache," akasema. "Tazama. Magoti hayaniumi." Akainua mguu mmoja, akauweka, akainua wa pili. Yule mwanamke ambaye ngazi za nyumba yake mwenyewe zimemshinda alikuwa anatembea ndani ya maji akienda na kurudi, amenyooka, kidevu juu, kwa madaha yale yale ya wale wanawake wa mwani aliowapigia makofi. Aligeuka, akarudi kwangu. Jua lilikuwa limetokeza ukingo wake, limempiga usoni, na ndani ya uso ule wa uzee nikauona ule wa msichana aliyeinuka kwenye sinia.

"Huko Maskati bahari ipo," nikamwambia.

"Ipo. Wewe hupo."

Kutoka ufukweni sauti ikapigwa: "Bibiii! Ufuniko wa sufuria kubwa uko wapiii?"

Nilijua ulipo. Ulikuwa umeegemezwa nyuma ya mlango wa choo, kwa sababu nilikuwa nimeutumia kuzuia paka. Nikafungua mdomo. Wifi akaniwekea kiganja chenye chumvi karibu kabisa na midomo.

"Utameza maji, saumu yako iingie dosari siku ya kwanza. Kwa ufuniko!"

"Lakini naujua..."

"Unaujua. Na wao wana macho."

Nikafunga mdomo. Kitu hicho kidogo kilinigharimu. Nilisimama ndani ya maji nikiwasikiliza wakiutafuta, wakilaumiana, mmoja akisema umeibwa, mwingine akisema nani aibe ufuniko Ramadhani mosi, kisha kelele ya furaha, kisha mlio wa bati kwenye bati. Wameupata. Dunia ilikuwa inakwenda. Wifi alikuwa ananitazama uso wangu tangu mwanzo wa utafutaji mpaka mwisho wake, anafurahi kama mtu anayeangalia ngoma.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

"Inaumaje?"

"Kama jino."

Alicheka kwa mdomo uliofungwa, puani tu, kwa ajili ya saumu, na kicheko kile cha puani kilimtikisa mpaka maji yakatengeneza duara kumzunguka.

Gari lilipiga honi. Mara ya kwanza fupi. Mara ya pili ndefu. Wenzetu walikuwa wamejipanga ukutani, mabaibui yamevaliwa, mabakuli mikononi, wanatuangalia. Hakuna aliyeita. Nadhani mkaza mwanangu aliwakataza. Maji yalikuwa yameshashuka kiunoni, na kule nyuma yetu wanawake wa mwani walikuwa wameanza kuteremka mmoja mmoja na kamba zao.

Wifi akapangusa uso. "Haya, wifi. Nshapata nilichokitaka. Twende, watu wanangoja."

"Wangoje," nikasema.

Aligeuka kuniangalia kama hakunisikia vizuri.

"Wangoje kidogo. Futari ni magharibi. Sasa hivi ni asubuhi."

Alinishika mkono tena, na safari hii hakuwa ameushika kwa ajili ya kuegemea. Tulisimama hivyo, bahari inatuteremka taratibu, kiunoni, mapajani, wala hatukusogea kuifuata wala kuikimbia. Mwenyeji wetu alipita karibu yetu, kamba begani, akatuamkia, akainama kwenye mstari wake wa kwanza. Maji yalipotufika magotini tukatoka, kwa sababu hapakuwa na bahari tena ya kuoga. Wenzetu walitupokea kwa vigelegele vya chini chini, na dereva, aliyekuwa ameshanuna, alipotuona tunachuruzika akaenda mwenyewe nyuma ya gari kututafutia magunia matupu ya mchele, akayatandika kwenye kiti. Tulikaa juu ya magunia hayo, mimi na wifi yangu, tumerowa, mpaka mjini.